Jinsi ya kuendesha grupu la kulea walimu wapya onlaini lisife ndani ya mwezi: mwongozo kamili kwa walimu wa Tanga

Kila ajira mpya zikitoka mambo ni yale yale. Mtu anafungua grupu la WhatsApp, analiita kwa jina la wilaya, linajaa watu mia na kitu ndani ya siku mbili, wiki ya kwanza maswali yanamiminika, wiki ya pili zinaingia salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja na mikopo, wiki ya nne kimya. Ticha aliyepangiwa Kibirashi huko Kilindi, au Mtae kule juu Lushoto, anabaki na darasa lake peke yake kama siku aliyoripoti. Na swali ninaloulizwa na walimu ni hilo hilo, grupu letu limekufa tufanyeje, kwa hiyo nimeamua kuandika yote hapa hatua kwa hatua.

Shika jambo moja kabla ya yote. Grupu la ulezi linaishi pale tu ambapo kinachoongelewa kinaingia darasani wiki hiyo hiyo na majibu yanarudi kwenye grupu. Ushauri ukiishia kwenye simu, watu wanachoka, na wana haki ya kuchoka. Hatua zote hapa chini zinatumikia hilo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujafungua grupu

Usianze na grupu halafu ndo utafute vitu. Andaa hivi kwanza:

- Walimu wapya wanne mpaka sita. Wa ajira mpya, wa mkataba, hata wa kujitolea, wote sawa, ilimradi wanafundisha ngazi moja.
- Walezi wawili, yaani walimu wazoefu wa kuwashika mkono hao wapya, wa shule tofauti.
- Mratibu mmoja. Anaweza kuwa mmojawapo wa walezi, kazi yake ni kukumbusha zamu na kutunza kumbukumbu.
- Simu janja kwa kila mtu. Mwenye kitochi msimwache, hatua ya 7 inamhusu.
- Bando la kawaida la wiki. Utaratibu huu ni maandishi, picha chache na voisi fupi, na voisi ya dakika moja haifiki hata MB moja. Kinachomaliza bando ni video, tutaiongelea.
- Kaunta buku moja kwa kila mwalimu mpya.
- Muhtasari wa somo na kiongozi cha mwalimu kwenye simu. Pakueni toka maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) siku mkiwa mjini penye mtandao, na hakikisheni mnachukua wa darasa husika, maana mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024 na unaingia kwa awamu, wengi bado wana faili za zamani na hawajui.
- Picha ya ratiba ya vipindi ya kila mmoja.
- Muda. Kama nusu saa kwa wiki na saa moja kwa mwezi.

## Hatua ya 1: Waambie wakubwa, ila wasiingie kwenye grupu

Mwalimu mkuu au mkuu wa shule ajue. Afisa elimu kata naye ajue. Nenda na maelezo mafupi, ukurasa mmoja unatosha: nani wamo, mtakutana lini, mtaongelea nini, na kwamba hamchukui nafasi ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) wala jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwenu. Tena waambie mtakayojifunza mtayapeleka huko.

Halafu waombe kwa heshima wasiingie. Hapa ndo magrupu mengi yanakosea kabisa, yanaweka wakuu wote ndani kwa nia njema ya kuonyesha uwazi. Sasa fikiria mwalimu mpya, yupo kwenye mwaka wa majaribio, hajathibitishwa kazini, unategemea aandike "kidato cha pili B wamenishinda" mbele ya mtu anayepitia kazi zake kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma? Hawezi. Ataandika "kila kitu kiko sawa mkuu" na hapo ulezi umeisha kabla haujaanza.

Utajua hatua hii imekaa vizuri pale mwalimu mkuu akikukuta barazani anauliza "vijana wanaendeleaje?" na haulizi nani kasema nini.

Tahadhari: msifanye kwa siri. Mkuu akisikia kuna grupu la walimu wake na yeye hajaambiwa, atadhani linamsema, na mwalimu mpya ndo atakayeumia.

## Hatua ya 2: Chagua walezi kwa kazi yao, usiangalie vyeo

Mlezi mzuri ana sifa tatu tu. Bado anaingia darasani kufundisha somo hilo, anasikiliza mpaka mwisho kabla hajajibu, na akisema atajibu kesho basi kesho anajibu. Umri wa kazi unasaidia lakini hautoshi. Mwalimu wa miaka mitano anayefundisha darasa la kwanza kila siku atamfaa ticha wa darasa la kwanza kuliko mwenye miaka ishirini aliyeacha madarasa ya chini zamani.

Kwa nini wawili? Mmoja akipata msiba, au akiitwa kusahihisha mitihani, au akiwa zamu wiki ile, grupu linaendelea. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba walezi wawili watatofautiana, na mwalimu mpya akiona watu wazima wawili wenye uzoefu wanafundisha sehemu za hesabu (nusu, robo) kwa njia mbili tofauti na wote wanafaulu, anaelewa kwamba hata yeye anaruhusiwa kutafuta njia yake.

Wafananishe na mazingira pia. Shule ya Tanga mjini yenye umeme na mikondo minne haina shida moja na shule shikizi (tawi la shule mama) ya Handeni yenye walimu watatu. Walau mlezi mmoja awe anafundisha kwenye mazingira yanayofanana na ya hao wapya, maana ushauri wa "waonyeshe kwa projekta" kwa mtu asiyekuwa na umeme unamvunja moyo tu.

Na tafadhali msichanganye ngazi. Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) darasa la kwanza na mwalimu wa fizikia kidato cha tatu wote ni wapya, lakini mmoja akileta suala lake mwenzie hana cha kuchangia.

## Hatua ya 3: Fungua grupu, weka mipangilio na kanuni

Sasa fungua. WhatsApp inaruhusu watu mpaka 1,024 kwenye grupu moja, nyie mnahitaji nane. Ukipata walimu wapya 20 fungua magrupu manne, usilifanye moja kubwa. Kwenye watu nane mtu akikaa kimya anaonekana, kwenye watu mia hakuna anayejua kama upo.

Mipangilio ya kufanya siku ya kwanza, mratibu asimamie kila mtu afanye:

- Zima upakuaji wa picha na video wenyewe, ipo kwenye mipangilio sehemu ya hifadhi na data. Hii inaokoa bando na nafasi ya simu.
- Ujumbe unaofutika wenyewe usiwashwe. Mtahitaji kurudi kusoma suala la miezi miwili nyuma.
- Kanuni zibandikwe juu. Ujumbe uliobandikwa unakaa mpaka siku 30, kwa hiyo mratibu aubandike upya kila mwezi.

Kanuni ziwe chache mtu azisome zote. Unaweza kunakili hizi:

"1. Hapa tunaongelea darasa tu. 2. Hakuna kufowadi kitu chochote. 3. Jina la mwanafunzi halitajwi, sura ya mwanafunzi haipostiwi. 4. Kinachosemwa hapa hakitoki, hakuna skrinishoti. 5. Mwisho wa meseji saa 3 usiku. 6. Ukishindwa kujibu sema umeshindwa, usipotee."

Kanuni ya 3 isichukuliwe poa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zimo kwenye zile nyeti za kulindwa zaidi. Daftari la mtoto unaweza kulipiga picha, ila funika jina, kipande cha karatasi juu ya jalada kinatosha.

Kuhusu salamu. Watu wengi wanazipiga marufuku, halafu wanashangaa grupu limepoa. Sisi huku kuingia na kuanza kudai majibu bila hata "habari za asubuhi walimu" ni kukosa adabu, mtu anajisikia kafukuzwa. Fungua grupu la pili la wale wale nane, liite kijiwe, salamu, pole za msiba, harusi, nani anashuka Korogwe Jumamosi ana nafasi ya kubeba mzigo, vyote vikae huko. Grupu la kazi linabaki safi na watu wanabaki watu.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, kila mtu alionyeshe darasa lake

Msianze na ushauri. Kila mtu, walezi wakiwa wa kwanza, atume voisi ya dakika mbili: nafundisha nini, watoto wangapi, wanakaa wangapi dawati moja, vitabu viko vingapi, watoto wanaongea lugha gani nyumbani, na kitu kimoja kinachonisumbua sasa hivi.

Hilo la lugha ya nyumbani usiliruke. Mtoto wa Kilindi anayeongea Kizigua au Kimaasai nyumbani, au wa Mlalo anayeongea Kisambaa mpaka anaingia getini, anapokaa kimya mara nyingi hajashindwa somo, anatafuta neno. Mlezi asipojua hilo atatoa ushauri wa darasa lingine kabisa.

Walezi waseme shida yao ya kweli ya wiki hii. Mwalimu mpya akisikia madam wa miaka kumi na tano kazini anasema "jamani mada ya sehemu bado inanisumbua na darasa la tano hili", kifua kinashuka, naye anaongea.

Mwisho wa wiki hii mratibu awe na voisi nane. Kama moja haipo, apige simu, asiandike. Mara nyingi utakuta mtu hana bando au anaona aibu, na vyote vinaongeleka kwa simu.

## Hatua ya 5: Mzunguko wa wiki, hapa ndo penyewe

Soma sehemu hii mara mbili. Kila wiki mwalimu mpya mmoja ana zamu ya kuleta suala moja. Moja tu. Wapya wengine wanasaidia, walezi wanasaidia, na zamu inazunguka, kwa hiyo kila mwezi na kidogo kila mtu anapata wiki yake.

Jumatatu: kuleta suala. Liwe na vitu vinne, nilifundisha nini, wanafunzi walifanya nini, nimeshajaribu nini, nataka msaada gani. Na ushahidi mmoja, picha ya daftari au ya ubao.

Angalia tofauti. Suala baya ni hili: "Shikamooni walimu, darasa la tatu hawaelewi kutoa, nifanyeje?" Hakuna anayeweza kukusaidia hapo, utapata "wape mazoezi mengi" basi.

Suala zuri: "Shikamooni walimu. Nilifundisha kutoa kwa kukopa darasa la tatu, wapo 78. Nimewapa 52 kutoa 27, zaidi ya nusu wameandika 35. Nimerudia ubaoni mara mbili, wananakili vizuri lakini nikibadilisha namba wanarudi kule kule. Naomba kujua wanakosea wapi. Picha za madaftari matatu hizi hapa."

Ukiliona hilo 35 tayari unajua pa kuanzia. Watoto wamechukua 7 wakatoa 2 wakapata 5, halafu 5 kutoa 2 wakapata 3, yaani kila mahali wanatoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu.

Jumanne: maswali tu. Siku hii ushauri umekatazwa, hata kwa mlezi. Mnauliza: ukiwapa 8 kutoa 5 wanaweza? Wakiwa na vijiti mkononi wanaweza? Wanajua 52 ni makumi matano na mamoja mawili, au wanaisoma tu? Umewahi kumwambia mmoja akueleze kwa mdomo alivyofanya?

Sababu ya siku nzima ya maswali ni kwamba sisi walimu tuna haraka ya kujibu, ni kazi yetu, na jibu la haraka mara nyingi ni la tatizo ambalo mwenzio hana. Lakini pia mwalimu mwenye suala, akijibu maswali manne matano, nusu ya muda anajikuta ameshaona mwenyewe. Hilo ni bora kuliko ushauri wowote, maana kesho na keshokutwa atajiuliza maswali hayo hayo bila grupu.

Jumatano: pendekezo moja kila mtu. Wapya wanaanza, walezi wanamalizia. Huu utaratibu msiugeuze. Mlezi akianza, wengine wataandika "naunga mkono hoja" na ushirikiano umeishia hapo. Ticha mwenzio mpya wa Pangani aliyehangaika na kitu hicho hicho mwezi uliopita anaweza kuwa na njia rahisi kuliko ya mzoefu.

Kwa mfano wetu, mmoja anaweza kusema tumia vijiti, funga kumikumi kwa kamba ya katani, katani huku kwetu haikosekani. Mtoto anaweka mafungu matano na vijiti viwili. Anatakiwa kutoa saba, mkononi ana viwili, hawezi, anafungua fungu moja, sasa ana vijiti kumi na viwili na mafungu manne. Kumi na mbili kutoa saba ni tano, mafungu manne kutoa mawili ni mawili, jibu 25. Akishafanya kwa mikono ndo aandike. Kwa darasa la 78 hutaweza kumpa kila mtoto, basi makundi ya sita sita, na kila kundi likusanye vijiti vyake siku moja kabla.

Mwenye suala anachagua pendekezo moja na anasema lipi. Akichagua matatu hatajua lipi limefanya kazi.

Alhamisi: darasani. Grupu kimya. Anafundisha.

Ijumaa: majibu yanarudi. Meseji moja: nilifanya hivi, ilitokea hivi, wangapi walipata, kitu gani sikukitegemea. Na picha nyingine ya madaftari. Isipotokea vizuri aseme hivyo hivyo, na walezi wahakikishe anayeleta "haikufanya kazi" anashukuriwa sawa na aliyeleta mafanikio, vinginevyo mwezi ujao mtaanza kudanganyana.

Ijumaa isipofika na majibu, mratibu anauliza Jumamosi. Kama kuna sababu, mnasogeza, ila zamu mpya haianzi mpaka ya nyuma imefungwa. Hapa msilegeze. Ninyi wenyewe mnajua kipindi kinaweza kuliwa na mvua, mazishi, au mwalimu wa zamu kuitwa ofisini, kwa hiyo kusogeza siyo tatizo, tatizo ni kuacha lining'inie.

Sekondari ni vile vile, masuala ndo yanabadilika. Suala la kawaida kabisa ni kidato cha kwanza kunyamaza, ticha anaongea Kiingereza kipindi kizima na darasa linamwangalia. Njia moja ya kujaribu kwa wiki: andika maneno sita muhimu ya mada ubaoni kabla ya yote, wanafunzi waongee wawili wawili kwa Kiswahili wanavyoelewa, halafu kila jozi itunge sentensi moja ya Kiingereza kwa maneno hayo. Ijumaa uje na idadi ya jozi zilizoweza na picha ya sentensi tano.

Utajua hatua ya 5 imeshika pale mwalimu mpya anapoanza kumuuliza mwenzie "wanafunzi walifanya nini?" kabla mlezi hajafungua mdomo.

## Hatua ya 6: Kusikiliza kipindi kwa mbali

Msianze hii kabla ya mwezi wa pili, mpaka watu wawe wanaaminiana. Lengo ni mlezi akusikie ukiwa kazini bila yeye kupanda bodaboda toka Muheza mpaka Amani.

Rekodi sauti, achana na video. Simu mfukoni au juu ya meza, dakika kumi za kipindi zinatosha, mara nyingi dakika za katikati pale unapouliza maswali. Mwambie mwalimu mkuu, waambie na wanafunzi kwamba unajirekodi wewe ili ujifunze. Tuma kwa mlezi mmoja tu, siyo kwenye grupu, na mkimaliza kuongea wote mnafuta.

Mlezi asikilize vitu viwili, asijaribu kusikia kila kitu. Cha kwanza, maswali mangapi yanataka jibu la neno moja na mangapi yanataka maelezo. Cha pili, ticha anasubiri muda gani baada ya kuuliza. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima hili zamani, akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe, na walipofikisha sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yakawa marefu na wanaonyamaza wakapungua. Darasani kwetu ambako mtoto anatafsiri kichwani kwanza, hizo sekunde tatu ni za lazima kabisa, na ukijisikiliza mwenyewe kwenye rekodi utashtuka ulivyo na haraka.

Mrejesho uje kwa voisi, na uwe na sehemu tatu: nilichosikia, ninachojiuliza, kitu kimoja cha kujaribu. Mfano, "Nimesikia umeuliza maswali kumi na moja, tisa wamejibu kwa pamoja 'ndiyooo'. Najiuliza wangapi wanajua na wangapi wanafuata wenzao. Kesho jaribu kuuliza, hesabu mpaka tatu kimoyomoyo, halafu mtaje mtoto wa nyuma."

Tahadhari kwa mlezi: maneno kama "umefundisha vizuri" peke yake hayamsaidii, na "hukupaswa" yatamfanya asitume tena.

## Hatua ya 7: Mwenye mtandao mbovu asiachwe

Mkoa wetu una milima na una pori, kuna shule mtandao unapatikana kwenye mti fulani tu au ukipanda mlima. Kama mmoja wenu yuko huko, mpe mwenzi wa laini, yaani mtu mmoja wa grupu mwenye mtandao mzuri anayemtumia muhtasari kwa sms ya kawaida Jumanne na Jumatano, na kumpigia Ijumaa kuchukua majibu yake na kuyaandika kwenye grupu kwa niaba yake. Sms moja ni herufi 160, inatosha: "Pendekezo la leo: vijiti, mafungu ya kumi kwa katani, makundi ya 6. Jaribu Alh, nitakupigia Ijumaa saa 11 jioni."

Zamu yake ikifika, suala analileta kwa simu na mwenzi wake analiandika. Mwenzi abadilishwe kila muhula asichoke.

## Hatua ya 8: Kikao cha mwezi

Mara moja kwa mwezi muongee mubashara, saa moja, siyo zaidi. Simu ya grupu ya WhatsApp inabeba mpaka watu 32 kwa hiyo nane ni kidogo. Google Meet ya bure inakata baada ya dakika 60 mkiwa zaidi ya wawili, Zoom ya bure dakika 40. Zimeni kamera, bando litawatosha na sauti haitakatika.

Ajenda ni moja: masuala ya mwezi huu, lipi bado, lipi tupeleke kwenye jumuiya ya kujifunza shuleni. Jumamosi jioni inafaa zaidi. Ijumaa msiweke kabisa, wengi wana swala na wengine wapo safarini kurudi nyumbani. Na angalieni kalenda, wiki za upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili ahirisheni bila kujadiliana sana.

Mkiweza kukutana ana kwa ana hata mara moja kwa muhula, Korogwe mjini au Muheza ambapo njia zinakutana, fanyeni. Baada ya kula pamoja watu wanaandika kwa uhuru zaidi kwenye simu.

## Hatua ya 9: Kumbukumbu

Kila suala likifungwa, mwenye zamu anaandika nusu ukurasa kwenye kaunta buku: suala, tulichojaribu, kilichotokea. Anapiga picha, mratibu anaweka kwenye folda moja. Msiandike ripoti ndefu. Baada ya muhula mna masuala kumi na kitu ya madarasa yenu wenyewe, yenye vifaa mlivyonavyo, na hayo ndo ya kupeleka kwenye MEWAKA. Majina ya walimu na shule yatoeni kwanza.

## Hatua ya 10: Kubadilisha nafasi

Mwaka ukiisha, mwalimu mpya mmoja au wawili wanaopenda wanakuwa walezi wasaidizi wa kundi linalofuata, wakikaa na mlezi mzoefu. Wengine wanatoka, kijiwe kinabaki. Grupu la kazi la zamani lifungwe rasmi, kundi jipya lianze na lake.

## Mkikwama

Kimya wiki mbili. Mratibu asiandike "jamani mbona kimya". Apige simu kwa mwenye zamu, amsaidie kuandika suala lake kwa mdomo, wakimaliza walitume pamoja. Kimya kingi kinatokana na mtu kutojua aanzeje kuandika.

Mlezi anaongea peke yake. Mlezi mwenzie amfuate pembeni, siyo mbele ya vijana. Mkumbushe Jumatano anamalizia yeye. Akiendelea, mpeni kazi ya kusikiliza rekodi za hatua ya 6, huko maneno yake yatafaa.

Suala siyo la darasa. Mshahara wa kwanza haujaingia, nyumba hakuna, ticha anaumwa. Haya yapo na yanaumiza, na mtu mwenye njaa hawezi kufikiria vijiti. Yapelekwe kijiweni au kwa simu, mlezi amwelekeze kwa mwalimu mkuu na ofisi ya halmashauri, na wiki hiyo zamu yake apewe mwingine bila maswali.

Suala linahusu usalama wa mtoto. Mwalimu akigundua mtoto anapigwa, anabakwa, au anaandaliwa kuolewa, haliletwi kwenye grupu hata kwa kuficha jina. Linakwenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa shule na ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, na kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure. Mlezi akiambiwa kitu kama hicho pembeni, abaki na huyo mwalimu kwenye simu mpaka taarifa imefika, maana ticha mgeni kijijini anaweza kuogopa sana kufanya hivyo peke yake.

Walezi wamepishana. Mmoja anasema hivi, mwingine vile. Mwenye suala achague, ajaribu, Ijumaa alete madaftari. Wiki inayofuata kama bado kuna ubishi, mwingine mwenye darasa kama hilo ajaribu njia ya pili, mnaweka picha za madaftari ya madarasa yote mawili pamoja na kuangalia watoto wameandika nini.